Jiko chumbani usiku: jinsi makaa yanavyoinyang'anya damu hewa

Kila mwaka ifikapo Juni, ukungu hushuka kutoka milima ya Ngong na kutanda juu ya Karen mpaka jua la saa nne. Kuanzia hapo hadi Agosti, usiku wa Nairobi huwa na baridi inayopenya mifupa. Katika nyumba kubwa, wenyewe huota moto kwenye meko yenye bomba la kutolea moshi darini. Langoni, katika kibanda cha mbao chenye dirisha moja dogo, bawabu huingiza jiko la makaa, hufunga mlango na kuziba mianya kwa gunia ili joto lisitoroke.

Makala ya leo yanahusu jiko hilo. Huenda msomaji akasema kwamba habari hii ameisikia mara nyingi: usilale na jiko ndani. Kweli, onyo hilo ni la zamani. Lakini nimegundua kwamba wengi wanaolijua onyo hawajui sababu yake, na mtu asiyejua sababu hujitafutia mwanya. Husema: "Makaa yangu yameshaiva, hayana moshi." Au: "Nimeacha dirisha wazi kidogo." Basi leo tueleze sababu yenyewe, kwa maana ndiyo inayotuonyesha pia njia ya kumwokoa aliyekwisha kudhurika.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, bawabu mmoja aliyepita umri wa miaka hamsini alikuja kuniona asubuhi ya Julai.

"Daktari, kichwa kinanigonga tangu alfajiri, na moyo unanichafuka," aliniambia.

"Una homa, mzee?"

"Sina. Ni hii baridi ya huku kwenu tu."

Alikuwa ametoka likizoni magharibi mwa Kenya majuma mawili kabla, kwa hiyo nilimpima malaria. Hakuwa nayo. Nilimpa dawa za maumivu, naye akaenda zake. Kufikia alasiri alikuwa mzima, na kwa sababu hiyo nilidhani dawa zimefanya kazi. Siku nne baadaye alirudi na malalamiko yale yale, nami nikambadilishia dawa. Mara ya tatu hakuja kwa miguu. Mtunza bustani alimkuta amelala sakafuni kibandani, akakoroma bila kuamka. Mwajiri wake alidhani amelewa kazini. Hakuwa amelewa. Kando yake palikuwa na jiko lenye majivu ambayo bado yalikuwa na uvuguvugu.

Mara zote mbili za kwanza sikuwa nimemwuliza swali moja jepesi: unakesha wapi, na moto gani uko pamoja nawe?

Makaa yaliyoiva

Tuanze na jiko lenyewe. Makaa ni kaboni karibu tupu. Hewa huingia kwa chini, na oksijeni iliyomo huungana na kaboni kupata kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Lakini safari haiishii hapo. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa mekundu, hukutana na kaboni nyingine yenye joto kali, na zikiungana hutoa gesi ya pili: kaboni monoksaidi.

Badiliko hili laweza kwenda mbele na laweza kurudi nyuma. Joto ndilo linaloamua upande. Makaa yanapopita kiasi cha nyuzi 700 za selsiasi, upande unaopendelewa ni wa kaboni monoksaidi. Kwa hiyo kile kitovu chekundu cha jiko, ambacho mama mpishi hukisifu kuwa kimekolea, ndicho kiwanda chenyewe cha gesi hii.

Umewahi kuona mwali wa buluu ukicheza juu ya makaa? Huo ndio kaboni monoksaidi ikiungua baada ya kukutana na hewa ya juu. Ikiungua yote, hapana neno. Lakini makaa yakifunikwa kwa majivu ili yadumu mpaka asubuhi, au hewa ya chumba ikipungua, mwali hufa na gesi huendelea kutoka bila kuungua.

Hapo ndipo kosa la wengi lilipo. Moshi mweupe wa makaa mabichi huwasha macho na kukohoza, kwa hiyo mtu hukimbia. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala haiwashi koo. Makaa yasiyo na moshi yameacha kukuonya tu. Hayajaacha kutoa sumu. Hata jiko la udongo na bati lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, ambalo limetuokolea makaa mengi, halikuundwa kwa ajili ya kulala nalo chumbani.

Teksi ya viti vinne

Sasa tuingie katika damu. Ndani ya chembechembe nyekundu mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka ubongoni, moyoni na kwingineko. Ifananishe na teksi yenye viti vinne. Mapafuni ni kituo cha kupandia, na ubongo ni kituo cha kushukia. Oksijeni ni abiria mwema: hupanda upesi, na akifika kwake hushuka bila kusukumwa.

Kaboni monoksaidi hupanda katika kituo kile kile na kukalia viti vile vile. Tofauti ni kwamba huking'ang'ania kiti. Nguvu yake ya kushika hemoglobini ni kati ya mara 200 na 250 ya nguvu ya oksijeni. Tena ina uovu wa pili: akiwapo abiria huyu katika teksi, hata abiria wa oksijeni waliobaki huwa wazito kushuka. Damu hufika ubongoni ikiwa na oksijeni kiasi, lakini haiiachilii kama ipasavyo.

Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza katika miaka ya 1850 kwamba gesi hii huiondoa oksijeni katika damu. Baada yake, mwaka 1895, John Scott Haldane wa Uingereza aliivuta yeye mwenyewe kwa makusudi, akijitoa damu kidogo kidogo na kuandika jinsi alivyojisikia, mpaka zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ikawa imetekwa. Mwishoni alikuwa hawezi kutembea sawasawa. Yeye na wenzake ndio waliotuachia kanuni ambayo kila daktari angepaswa kuikumbuka.

Kanuni yenyewe ni hii. Ili kujua viti vitaelekea upande gani, uliza maswali mawili: nani anashika kwa nguvu zaidi, na nani ni wengi zaidi mlangoni? Zidisha nguvu kwa wingi, kisha linganisha.

Tufanye hesabu. Katika kila sehemu 1,000 za hewa, karibu 210 ni oksijeni. Tuseme chumbani mna kaboni monoksaidi sehemu 1 tu katika 1,000. Ni kidogo mno, sivyo? Lakini ukikadiria nguvu yake kuwa mara 210, sehemu hiyo moja inatoshana na oksijeni yote iliyomo. Zikiachwa na damu kwa muda wa kutosha, zitagawana viti nusu kwa nusu. Na mtu ambaye nusu ya hemoglobini yake imetekwa yuko katika hatari ya kufa.

Wanakemia huiita hali hiyo ya mwisho msawazo. Neno hili lisikupoteze. Msawazo haumaanishi kwamba mambo yamesimama. Abiria wanaendelea kupanda na kushuka. Ila wanaopanda na wanaoshuka wamekuwa sawa kwa idadi. Hata yule abiria mkaidi huinuka mara moja moja. Lililo muhimu ni kujua ni nani anayesubiri mlangoni wakati anapoinuka.

Mambo matatu yanafuata kutoka hapo. La kwanza, msawazo haufikiwi mara moja. Huchukua saa nyingi. Ndiyo maana jiko la kupikia chai kwa nusu saa mlango ukiwa wazi halijamwua jirani yako, ilhali jiko lile lile likiwekwa usiku kucha laweza kumwua. La pili, watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo hufika huko mapema zaidi.

La tatu linatuhusu sisi wa bara. Nairobi iko juu, na Karen iko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Oksijeni katika chumba chetu ni pungufu karibu moja ya tano kuliko katika chumba cha ukubwa huo huo kule Mombasa. Makaa, kwa upande wao, hayapunguzi sumu yao kwa sababu tuko mlimani. Wapinzani wa gesi hii mlangoni ni wachache, kwa hiyo viti huelekea upande wake kwa urahisi zaidi. Tena ni huku huku kwenye baridi ndiko tunakofunga madirisha.

Dalili zinazodanganya

Ugonjwa huu hujifanya kuwa magonjwa mengine. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu na kichefuchefu. Ukizidi, mtu hutapika, huchanganyikiwa na miguu humlegea, hata watu wakamcheka kwamba amelewa. Mwishowe huzimia. Wengi huhisi uzito, wakadhani ni usingizi, wakalala. Aliyezidiwa huenda akauona mlango na asiwe na nguvu za kuufikia.

Jinsi ya kuutofautisha na malaria, mafua au chakula kibovu? Jiulize haya. Je, hakuna homa? Je, wote waliolala chumba kimoja wanaugua pamoja, hata paka? Je, mgonjwa hupata nafuu akitoka nje, kisha huugua tena akirudi ndani? Bawabu wangu alipona kila alasiri kwa sababu alikuwa nje kwenye hewa safi. Mimi nikazisifu dawa zangu.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wauguzi. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, ambacho wengi tulikizoea wakati wa Korona mwaka 2020, hupima kwa mwanga jinsi damu ilivyo nyekundu. Kwa bahati mbaya hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu sana. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha abiria hawa wawili. Kinaweza kuandika 98 kwa mtu anayekufa kwa kukosa oksijeni. Kipimo cha kweli ni cha damu, kwa mashine inayotenganisha aina za hemoglobini, na matibabu yasingoje majibu yake.

Vile vile usingoje kuona wekundu wa ngozi ambao vitabu vya zamani viliuzungumzia. Huonekana mara chache kwa aliye hai, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni vigumu zaidi kuuona.

Kuugeuza mwelekeo

Sasa tuje kwenye habari njema. Kwa kuwa mlango wa teksi hufunguka pande zote mbili, lililotendeka laweza kutenduliwa. Hatuna dawa ya sindano ya kumng'oa abiria mkaidi. Tunachoweza ni kuwaondoa wenzake kituoni na kukijaza kituo oksijeni, ili kila anapoinuka, oksijeni ikalie kiti kabla hajarudi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kumtoa mgonjwa nje. Hilo peke yake hugeuza mwelekeo, lakini polepole. Mtu akipumua hewa ya kawaida, kiasi cha sumu katika damu hupungua kwa nusu katika saa nne hadi sita. Tuchukue saa tano. Mtu anayetolewa chumbani saa kumi na mbili asubuhi akiwa na asilimia 40 ya hemoglobini iliyotekwa atakuwa na 20 saa tano mchana, na 10 saa kumi jioni. Ubongo hauwezi kungoja kiasi hicho.

Mgonjwa huyo huyo akipewa oksijeni tupu kwa kifuniko cha uso kinachobana vizuri, chenye mfuko wa akiba, muda wa nusu hiyo hushuka hadi dakika 60 au 90. Tukichukua dakika 75, asilimia 40 ya saa kumi na mbili itakuwa 20 saa moja na robo, na 10 saa mbili na nusu. Tofauti ni wingi wa oksijeni mlangoni tu. Iko pia mitambo maalumu ambamo mgonjwa hupewa oksijeni kwa shinikizo kubwa, na muda hupungua hadi kiasi cha dakika 20 au 30, lakini mitambo hiyo ni adimu. Mtungi wa oksijeni wa hospitali iliyo karibu nawe ndio unaookoa watu wengi.

Mama mjamzito anahitaji uangalifu wa pekee. Hemoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu, na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kujisikia mzima huku mtoto akiwa bado taabani. Kwa hiyo mjamzito aende hospitali hata kama kichwa kimeacha kuuma, na apewe oksijeni kwa muda mrefu kuliko wengine.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye jiko, fanya hivi. Fungua mlango na madirisha. Vuta pumzi nje, ingia, mburute hadi nje, usikae ndani kutafuta viatu wala simu. Asipopumua na ukijua jinsi ya kumsaidia kupumua na kumbana kifua, anza mara moja. Piga 999 au 112, au tafuta gari lolote. Ukifika hospitalini, waambie kwa maneno wazi: "Alikuwa na jiko la makaa ndani." Sentensi hiyo huokoa muda mwingi. Usimnyweshe maziwa. Sumu hii haiko tumboni, na mtu asiyejitambua akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa na kufa.

Na sufuria ya maji inayowekwa kando ya jiko? Haisaidii. Kaboni monoksaidi karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole nalo si kinga ya kutegemea. Hakuna anayeweza kukupimia upana wa dirisha utakaotosha usiku kucha.

Nani awajibike?

Bawabu wangu aliamka saa sita mchana baada ya kupewa oksijeni. Tulifurahi. Lakini majuma matatu baadaye alianza kusahau. Alifungua lango akasahau kulifunga. Aliitwa jina lake akatazama kando. Hali hiyo inajulikana: baadhi ya walionusurika hupatwa na matatizo ya kumbukumbu na tabia siku au majuma baada ya kupona. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, naye alipata kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mgonjwa akitoka hospitalini, jamaa zake waendelee kumwangalia.

Nilipomwuliza kwa nini aliingiza jiko, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Daktari, ningefanya nini? Mtu hawezi kukesha kwenye baridi ile." Alikuwa na koti moja jepesi. Kibanda chake hakikuwa na hata soketi ya umeme.

Hapo niliona kwamba onyo pekee halitoshi. Kumwambia mtu asiingize jiko bila kumpa njia nyingine ya kupata joto ni kumwachia achague kati ya baridi na sumu, na baridi ndiyo anayoihisi. Wewe uliyemwajiri bawabu, mpe koti zito, blanketi na chupa ya chai. Kama kibanda kina umeme uliofungwa vizuri, kijiko kidogo cha umeme cha kupasha joto hakitoi gesi hii. Wewe mwenye nyumba za kupangisha, iwe ni Kuwinda, Kibera au Dagoretti, usizibe matundu ya hewa ya juu ya ukuta ili chumba kionekane nadhifu. Wewe mzazi, watoto waote moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama bado linawaka. Jiko linalozimika ndani bado linatoa gesi.

Wala wenye nyumba kubwa wasidhani hatari hii ni ya vibandani tu. Jenereta iliyowekwa barazani au gereji wakati umeme umepotea, kama ulivyopotea karibu nchi nzima Agosti 2023, hutoa gesi hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtambo wa gesi wa kupasha maji uliofungwa ndani ya bafu lisilo na hewa, gari linalonguruma katika gereji iliyofungwa, na bomba la meko lililoziba kwa viota vya ndege. Vipo vifaa vya kupiga kengele gesi hii inapoongezeka. Mwenye uwezo akiweka kimoja karibu na vyumba vya kulala hatakuwa amepoteza pesa zake.

Siku hizi mgonjwa akinijia na kichwa asubuhi ya Julai, kabla ya kugusa kipimo chochote, mimi humwuliza alilala wapi na moto gani ulikuwa pamoja naye. Nakuomba nawe, msomaji, ukamwulize hivyo hivyo leo jioni yule anayekufungulia lango.